ERP sio ya watu wa IT peke yao, na mengine tunayodanganyana hapa Mwanza

Wiki iliyopita binamu yangu kanifuata Kirumba na karatasi ya kozi ya SAP, mfumo mmojawapo wa ERP, mkononi, "kaka, nikisoma hii si naenda mgodini moja kwa moja?" Nikamuuliza LPO unaijua? Akacheka, si ile karatasi ya kuagizia vitu. Nikamwambia kaa, tuagize samaki kwanza, maana hapo ulipocheka ndo kazi yenyewe ilipo.

Maneno ya mtaani kuhusu ERP, yani mfumo wa kompyuta wa kuendesha kazi zote za kampuni, ni mengi, ngoja niseme yale ninayoyasikia kila siku.

La kwanza, eti ERP ni ya watu wa IT. Hili ndo linaongoza. Mtu akisikia mfumo anawaza waya na seva, wakati ERP kwa lugha nyepesi ni manunuzi, stoo, uzalishaji, mauzo, mishahara na hesabu vyote vinasoma kanzidata moja, yani stoo kipa akipokea mzigo asubuhi, mtu wa manunuzi anaona oda yake imefika na mhasibu anaona deni la sapulaya limeshaanza kusoma, hakuna kupigiana simu. Waandika programu wapo ndio, SAP ina mpaka lugha yake inaitwa ABAP, ila wengi wanaokula kupitia ERP ni watu wa hesabu, wa stoo na wa manunuzi walioelewa kazi yao na mfumo kwa pamoja.

Mi mwenyewe nilianzia stoo, kiwanda kimoja upande wa Nyakato. Jumamosi moja mfumo ukasoma maboksi hasi 340. Hasi! Jamaa wa IT karestati seva mara mbili, bado hasi. Kuna mama mmoja wa stoo tulikuwa tunamwamkia shikamoo wote mpaka meneja, yeye akauliza tu, "GRN za Ijumaa nani kaziingiza?" Yani zile hati za kupokelea mzigo. Zilikuwa kwenye droo. Maboksi yalishapokelewa kwa karatasi, yakatumika kupakia minofu, matumizi yakaingizwa ila mapokezi hayajaingizwa, sasa mfumo ufanyeje, umetoa kitu ambacho kwake hakijawahi kuingia. Alafu mifumo mingi ina sehemu ya kuzuia stoo isiende hasi, yetu iliachwa wazi makusudi ili kazi isisimame, na huo ni uamuzi wa biashara, sio wa kompyuta. Siku hiyo nilielewa nani anaujua mfumo pale kazini.

La pili, eti ukipata cheti umetoka. Cheti kitakufanya uitwe kwenye intavyuu, sawa. Ukifika unaulizwa hivi: tuliagiza 100, zimefika 95, invoisi imekuja ya 100, unafanyaje? Aliyewahi kulinganisha LPO, GRN na invoisi anajibu hapohapo kwamba zile tano hazilipwi mpaka zifike au sapulaya atoe krediti noti, yani hati ya kupunguza deni, na aliyekariri slaidi anaanza kuangalia dari. Na kama kozi ni ya SAP uliza kwanza wanafundisha toleo gani, kwa sababu toleo jipya la S/4HANA lilitoka 2015 na lile la zamani la ECC matengenezo yake ya kawaida yanaishia mwisho wa 2027, sasa usije ukauziwa skrini za zamani kwa bei ya mpya.

Eti bila mamilioni huwezi kujifunza. Hapana aisee. Odoo ya Ubelgiji ina toleo la Community ambalo ni la bure, ERPNext ya India ni chanzo huria, unaweka kwenye laptopu ya kawaida unaanza kuharibu na kutengeneza. Nilimwambia binamu asifuate mifano ya baiskeli na meza iliyomo mle, ajifanye ana genge la dagaa pale sokoni Mwaloni. Anaona rahisi. Sasa unanunua kwa gunia, gunia linapimwa kwa kilo, unauza kwa sado na kwa debe, na sado ni ujazo sio uzito, dagaa waliokauka vizuri na wale wenye unyevu sado ileile inatoa kilo tofauti. Mfumo unataka kipimo kimoja cha stoo, vingine vyote uviwekee uwiano. Ukichagua kilo lazima upime sado zako kwanza, na wakizidi kukauka gunia linapungua bila mtu kuiba, hapo uwe na njia ya kuingiza upungufu kwenye vitabu la sivyo kila mwisho wa mwezi utamfukuza kijana wa watu bure. Zoezi hilo moja linakufundisha kuliko wiki nzima ya darasani.

Ukishaweza dagaa nenda kwenye sangara. Sisi wa ziwa tunakumbuka 1999 Ulaya walipofunga mlango kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Sheria yao ya chakula namba 178/2002 inataka kila mfanyabiashara ajue kanunua kwa nani na kamuuzia nani, kwahiyo kiwandani samaki wanapewa namba ya loti, na ikitokea shida unatafuta loti inakuonyesha ilitoka wapi na imekwenda kwa mteja gani. Kwenye daftari hiyo ni kazi ya siku mbili na ugomvi juu.

Wengine wanasema ukijifunza mfumo mmoja wakiubadilisha umekwisha. Waulize wahasibu wa halmashauri waliokuwa kwenye mfumo wa Epicor wakahamia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, skrini zilibadilika, ila kasma (kifungu cha bajeti) ni kasma na vocha ni vocha.

Kwamba ERP inaua kazi, hapo siwezi kubisha moja kwa moja. Ile ya kukaa unanakili invoisi kutoka Excel moja kwenda nyingine inakufa, na mi siililii.

Na la mwisho ndo linalowakwamisha watu zaidi, eti Mwanza hakuna kazi za ERP. Wanatafuta tangazo lenye neno hilo, hawalioni. Za ushauri wa mifumo kweli nyingi ziko Dar. Huku kwetu tangazo linasema mhasibu, stoo kipa, afisa manunuzi, alafu chini kabisa mstari mmoja, awe na uzoefu wa mfumo wa kompyuta wa uhasibu au stoo. Viwanda vya samaki na vya vinywaji vipo, migodi ya Geita ipo, na tangu 2025 daraja la Kigongo na Busisi la kwenda huko limefunguliwa, hata kusubiri kivuko hakuna. Ule mstari wa chini ndo wa kuusoma kwanza.

Binamu kozi hajalipia bado. Juzi saa nne usiku kanipigia, "kaka, hii sado kila nikipima inanipa kilo nyingine." Nikamwambia pima kumi uchukue wastani, na uniache nilale.