Vipele kwenye uume visivyo na shida: uvitibu au uviache tu?

Kuna jambo tunakutana nalo sana kitengo cha ngozi, na ni bora tuliongelee wazi maana wanaume wengi wanakaa nalo kimya miaka na miaka. Mtu yuko anaoga, anavuta ngozi anajicheki, anaona vipele vidogo vidogo vimejipanga kuzunguka kichwa cha uume, au vidoti vyeupe vya kama njano kwenye ngozi ya uume na pumbu, basi hapo hapo akili inakimbilia magonjwa ya zinaa. Usiku mzima yuko kwenye simu anatafuta picha, na picha zinazotokea ndo zile mbaya kuliko zote, za ugonjwa uliokaa muda mrefu bila tiba, akimaliza kuziangalia ana uhakika ana masundosundo, kaswende na kansa vyote kwa pamoja.

Niseme mapema ili anayesoma na wasiwasi wake apumue kidogo. Vipele vingi vya aina hiyo sio ugonjwa kabisa, havitokani na uchafu, havitokani na kujichua, hukuambukizwa na mtu na wewe huwezi kumwambukiza mtu, wala havigeuki kuwa kansa. Ni ngozi yako ilivyo.

Tuanze na vile vinavyozunguka kichwa cha uume pale kinapopakana na shingo yake, maana ndo vinatisha wengi. Vinakuwa vidogo, milimita 1 hadi 2 hivi, rangi ya ngozi au vyeupe kidogo, laini, vyote saizi karibu moja, vimepangana kama shanga kwenye mstari mmoja au miwili, wengine hata mitatu. Ndani yake ni nyuzi za ngozi na mishipa midogo ya damu tu, hakuna usaha wala mafuta, ndo maana ukikiminya hakitoi kitu zaidi ya maumivu na damu. Na sio watu wachache wenye navyo: tafiti zinatofautiana ila nyingi zimevikuta kwa kati ya asilimia 14 na 48 ya wanaume waliochunguzwa, na wasiotahiriwa wanavyo zaidi kuliko waliotahiriwa. Sasa kinachowachanganya watu ni umri. Vinajitokeza baada ya balehe, miaka ya mwisho ya ujana mpaka ishirini na kitu, yaani kipindi hicho hicho ambacho wengi wanaanza mahusiano, kwa hiyo mtu anaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, anamshuku mwenzake, wengine wanaachana kabisa kwa kitu ambacho hakikutoka kwa yeyote. Umri ukisogea huwa vinapungua vyenyewe.

Vile vidoti vya njano au vyeupe ni habari nyingine. Hizo ni tezi za mafuta, zile zile ambazo kwa kawaida zinakaa pembeni ya unywele, ila hizi zimekaa zenyewe bila unywele karibu kabisa na uso wa ngozi. Zinaitwa madoa ya Fordyce kutokana na John Addison Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani aliyeziandika mwaka 1896, na yeye aliziandika za mdomoni, maana hata kwenye lipsi na ndani ya mashavu zipo, nenda kwenye kioo uvute lipsi ya juu huenda ukaziona. Kwenye uume zinaonekana zaidi ngozi ikivutika, ndo maana mtu anaziona akiwa amesimamisha na uume ukilala hazioni, anadhani zinakuja na kuondoka kumbe zipo palepale. Kwenye shina la uume pia kuna vishimo vya nywele za kawaida, hata kama nywele yenyewe huioni, navyo vinainuka kidogo ngozi ikivutwa au ikipigwa na baridi.

Wapo wengine wanakuja na vidoti vya wekundu ulioiva au zambarau kwenye pumbu, mara nyingi watu wa umri umeenda kidogo. Hiyo ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka chini ya ngozi. Haina neno, ila ukiikwaruza inatoa damu kuliko unavyotegemea, bonyeza na kitambaa safi dakika kadhaa itakata. Na vile viuvimbe vigumu vyeupe ndani ya ngozi ya pumbu ni vifuko vilivyojaa taka za ngozi, vinaweza kukaa miaka bila kusumbua, kikivimba kikawa chekundu na kuuma hicho kinahitaji daktari.

Sasa tofauti na ugonjwa iko wapi? Watu wanapenda kipimo cha maumivu, kwamba haiumi haiwashi basi niko salama. Hapana. Kidonda cha kaswende hakiumi kwa kawaida, kinakaa pale kigumu na kisafi alafu kinapona chenyewe huku ugonjwa unaendelea ndani. Masundosundo nayo mara nyingi hayaumi. Kinachosaidia zaidi ni historia ya hicho kipele na mpangilio wake. Vipele vya asili havibadiliki, viko saizi moja, pande zote mbili vinafanana, mwezi huu na mwakani ni vile vile. Masundosundo yanayoletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11, yanaanza kimoja kinakuwa viwili, kimoja kikubwa kingine kidogo, juu yanakwaruza sio laini, yanatokea huku na kule bila mpango, na yanaweza kuchelewa wiki hadi miezi tangu uambukizwe ndo yaonekane. Malengelenge ya zinaa yanakuja na kuwaka moto, vinatokea vilengelenge vyenye maji vinapasuka vinakuwa vidonda. Ukiona vipele vinavyong'aa vyenye kashimo katikati hivyo ni vya virusi vingine, vinaambukiza kwa ngozi kugusana. Na kama unawashwa sana usiku, uume na pumbu vina vinundu alafu katikati ya vidole vya mikono nako unajikuna, huo ni ugonjwa wa upele unaoambukiza (scabies) na nyumba nzima itabidi itibiwe.

Kwa hiyo njoo uonwe kama ni kitu kipya, kinakua, kinaongezeka, kinatoa damu chenyewe, kimechimbika kuwa kidonda, au kuna sehemu ya kichwa cha uume imekuwa nyekundu au ngumu na haiponi wiki ya tatu hii. Hiyo ya mwisho msiicheze hasa kwa mwanaume mtu mzima ambaye govi lake halirudi nyuma vizuri, kansa ya uume ni nadra ila inajificha humo.

Ukija, uchunguzi ni kuangalia tu. Daktari wa ngozi aliyezoea anatambua kwa macho au kwa kioo cha kukuzia chenye taa, ni dakika chache, kukata kinyama kwenda maabara ni mara chache sana. Ile habari ya kupaka siki uone kama ngozi inabadilika kuwa nyeupe usijipime nayo nyumbani, ngozi nzima isiyo na ugonjwa au yenye mchubuko tu nayo inaweza kubadilika.

Tukija kwenye kutibu, mimi msimamo wangu uko wazi: vipele hivi vyenyewe sijawahi kuona vimemdhuru mtu, ila dawa za kuviondoa zimedhuru wengi. Dawa za kuunguza sunzua za mikononi zina asidi kwa ajili ya ngozi nene ya kiganja na nyayo, ukiipaka kwenye ngozi laini ya uume unaamka na kidonda kibichi. Wengine dawa ya meno, wengine kitunguu saumu kilichopondwa kinafungwa na plasta usiku kucha, hicho kinaunguza kweli kweli. Wengine wanapaka krimu za mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe) wiki baada ya wiki mpaka ngozi inakuwa nyembamba na fangasi zinapata mahali pa kukaa. Kuminya na kukata kwa wembe sihitaji kueleza. Mtu anakuja na makovu na kidonda chenye usaha, na vile vipele bado viko pembeni vinamwangalia.

Na kosa lingine linatokea hata upande wetu wa matibabu, vile vya mstari kuzunguka kichwa cha uume kuitwa masundosundo na mtu kupakwa dawa ya masundosundo. Kama ulitibiwa hivyo na havijaondoka, omba vikaangaliwe na daktari wa ngozi kabla hujaongezewa dawa kali zaidi.

Je ukitaka kuviondoa kwa sababu ya muonekano tu? Inawezekana, sio dhambi. Kuna leza ya kaboni dayoksaidi, kuna kuunguza kwa umeme, kuna kugandisha kwa naitrojeni ya maji, hizo zote zinafanywa na mtaalamu, na kwa zile za kuunguza unapigwa ganzi. Ila ujue unalipia sura sio afya, panakuwa na vidonda kwa muda, ngozi nyeusi inaweza kubaki na alama nyeupe au nyeusi zaidi pale palipotibiwa, kovu linaweza kutokea, na vingine vinarudi. Ngono unaacha mpaka ngozi ifunge kabisa. Mimi namwambia mtu akae na hilo jibu la kwamba ni kawaida kwa miezi kadhaa kwanza, wengi wanaporudi hawaulizi tena leza kwa sababu kilichokuwa kinawasumbua ilikuwa hofu. Anayebaki anataka, akiwa anaelewa, tunaongea naye vizuri bila kumcheka.

Kwa mwenzako sema hivyo hivyo bila kuzunguka, akiwa na shaka njooni wote wawili maneno ya daktari ayasikie mwenyewe. Alafu usichanganye: kuambiwa vipele ni vya kawaida sio cheti kwamba huna maambukizi mengine. Klamidia, VVU na kaswende vinaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote ya nje, kwa hiyo kama ulifanya ngono bila kondomu na una wasiwasi, pima siku hiyo hiyo uliyokuja kuonyesha vipele, na uulize ni lini urudie kipimo maana vingine vikipimwa mapema sana havionyeshi kitu.