Bei ikipanda, na dawa imepanda

Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha sokoni hapa Morogoro, mkononi kashika nyanya yenye vumbi la rangi kati ya majivu na bluu. "Bwana shamba, hizi nikiziosha vizuri si zinatosha? Zile za kilimo hai siziwezi, bei yake karibu mara mbili." Nilimjibu kwa haraka kwa sababu gari lilikuwa linaningoja, na tangu siku hiyo naona nina deni kwake. Haya ndiyo maelezo ambayo ningempa kama ningekuwa na muda.

Kazi yangu ni kuzungukia vikundi vya wakulima wa kilimo hai, yaani wanaolima bila dawa wala mbolea za viwandani, kupitia madaftari yao na kukagua mipaka ya mashamba. Nilichokiona huko mara nyingi ni hiki: kwenye mazao tunayokula kila siku, msimu ambao bei inapanda ndio huohuo ambao dawa zinapigwa kwa wingi. Mwenye kujua hilo anaweza kula chakula safi bila kuongeza pesa ya matumizi.

Chukua hiyo nyanya. Lile vumbi ni mabaki ya dawa ya ukungu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani hayakauki, na shamba linaweza kuungua lote ndani ya siku chache. Mkulima anapiga dawa, mvua inaiosha, anapiga tena. Nyanya zinaadimika sokoni, bei inapaa, na aliyenazo hana subira ya kungoja zile siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kuvuna. Kuosha kunatoa vumbi la juu, na ni lazima uoshe. Lakini zipo dawa zinazopenya hadi ndani ya mmea, na hizo hazitoki kwa maji wala kwa chumvi.

Kiangazi nako kuna kantangaze, yule nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye funza wake hutoboa jani na tunda. Ndiyo maana nyanya ni zao ambalo mimi mwenyewe nakubali kuliongezea pesa. Ila nainunua kwa akili. Naenda kwa kikundi cha kilimo hai wakati mavuno yamejaa na bei imeshuka, naomba zile ndogo na zenye makovu, ambazo wenye maduka huzikataa kwa sura tu. Nanunua tenga zima tukagawana majirani. Nyumbani tunazipika zikawa rojo zito, tunazigandisha kwenye vifuko vidogo vya kutosha mlo mmoja. Masika ikifika tunatumia hizo, na siku nyingine mchuzi unakolezwa kwa ukwaju na tui la nazi.

Kwenye nafaka ndiko familia nyingi zinapoteza pesa bila kujua. Mahindi mengi huvunwa katikati ya mwaka, na kuanzia hapo hadi Agosti bei huwa chini. Yale ya Januari na Februari yamekaa ghalani miezi mingi, na kwa kuogopa dumuzi, mdudu anayetoboa punje ambaye wakulima wanamwita skania, wenye ghala huyachanganya na dawa ya unga. Kwa hiyo unanunua ghali, na unanunua pamoja na dawa. Mimi nanunua ya mwaka mzima kwa mkulima, yakiwa hayajaguswa na dawa ya ghalani. Si lazima yawe ya kilimo hai kamili, maana pengine shamba lilitiwa mbolea ya chumvichumvi, lakini ile dawa ya mwisho, iliyo karibu zaidi na sufuria yako, umeikwepa.

Kabla ya kuyahifadhi, hakikisha yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi kama robo yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, yako tayari. Yaweke kwenye mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Kamua hewa, sokota na funga kila mfuko peke yake. Wadudu waliomo watamaliza hewa kisha watakufa wenyewe. Maharage ya familia ndogo yanatosha kwenye dumu la lita 20, lijazwe hadi shingoni na kufungwa mfuniko usiopitisha hewa. Mfuko au dumu lisilo na tundu utalitumia tena mwakani.

Mboga za asili, yaani matembele, kisamvu, mlenda, mgagani, usizitafutie cheti cha kilimo hai. Ni nadra kupigwa dawa, na fungu lake ni la bei ndogo. Uliza maji tu. Mchicha uliomwagiliwa kwa maji machafu ya Mto Msimbazi pale Dar es Salaam hauwi safi eti kwa sababu tu haukupigwa dawa.

Alama ya Kilimohai, ile inayowekwa kwenye bidhaa zilizothibitishwa kuwa za kilimo hai, iliyoanzishwa mwaka 2007 pamoja na viwango vya Afrika Mashariki, naiheshimu na ndiyo kazi yangu. Lakini jueni kwamba vipo vikundi vinavyohakikiwa kwa mfumo shirikishi: wakulima wanakaguana wenyewe, na mlaji anaruhusiwa kufika shambani kuona. Gharama yake ni ndogo kuliko ukaguzi wa kampuni za nje, kwa hiyo hata bei inapungua, hasa ukinunua kwao moja kwa moja. Na neno "kienyeji" lisikudanganye. Kuku anaweza kuwa wa kienyeji na bado akalishwa chochote.

Ukikutana na muuzaji asiye na cheti, usimuulize kama anapiga dawa, maana jibu la swali hilo unalijua. Muulize, "Kantangaze wakiingia unafanyaje?" Anayelima kweli bila dawa hatakujibu kwa neno moja. Ataanza kukueleza mitego yake, majani aliyoyang'oa na kuyafukia, muarobaini alioutwanga na kuuloweka usiku kucha, na yale matuta mawili aliyoyapoteza msimu uliopita.