Kuanza Yoga Nyumbani: Pumzi Itangulie Mkao

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, hapa Kigoma, na wengi ninaowahudumia ni watu ambao migongo yao imechoshwa na kazi za kuinama au za kukaa: akina mama wanaoanika na kugeuza dagaa kwenye fukwe za Kibirizi na Katonga, wapakiaji wa mizigo, waendesha bodaboda, na makarani wasioinuka kitini hadi jioni. Siku hizi baadhi yao huniuliza juu ya yoga, mazoezi ya mikao ya mwili na ya pumzi, kwa sababu wameiona kwenye simu, na wachache hunijia wakiwa wameshaumia kwa kuiga walichokiona. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye hajaanza na ambaye hana mwalimu wa karibu.

Video nyingi humwonyesha mjuzi akiwa amefika mwisho wa mkao, kichwa kimegusa magoti na viganja vimelala sakafuni, kwa hiyo anayeanza hudhani kwamba shabaha ni kufika pale. Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na mzizi wake una maana ya kuunganisha, kama wanyama wawili wanavyofungwa nira moja. Kwa mazoezi ya nyumbani, mimi hulielewa neno hilo hivi: mwendo wa viungo na mwendo wa pumzi viende pamoja, na pumzi ndiyo iongoze. Mahali ambapo pumzi yako inakatika, inakwaruza au inabanwa, ndipo mwisho wako wa siku hiyo, hata kama mikono bado iko juu ya magoti.

Hilo lina sababu zake mwilini. Ndani ya misuli mna vihisi vidogo vinavyopima jinsi msuli unavyovutwa. Ukivutwa ghafla, vihisi hivyo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri inayorudi papo hapo ni kwamba msuli ujikaze ili usichanike. Ndiyo maana anayejirusha-rusha akitaka kugusa vidole vya miguu hushindana na mwili wake mwenyewe. Ukiuvuta polepole na kutulia kwa pumzi nne au tano ndefu, mkazo huo hupungua. Tena, pumzi inayotolewa taratibu, kwa muda mrefu kuliko ile iliyoingizwa, huamsha upande wa mfumo wa neva unaotuliza mapigo ya moyo, ilhali anayebana pumzi na kujikaza huongeza shinikizo ndani ya kifua na tumbo, na shinikizo lake la damu hupanda kwa muda.

Kwa hiyo wiki ya kwanza mimi huwapa watu zoezi ambalo wengine hulicheka. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe sakafuni, kiganja kimoja kikae juu ya kitovu. Ingiza hewa kwa pua ukihesabu hadi tatu au nne, uone kiganja kinainuka, kisha itoe ukihesabu hadi tano au sita. Dakika tano zinatosha. Ukiona kifua ndicho kinachopanda huku mabega yakielekea masikioni, usilazimishe, punguza hesabu.

Baada ya hapo ndipo tunasimama. Mkao wa kuinama mbele ndio unaoumiza wengi, kwa sababu mtu hukunja kiuno badala ya kukunja nyonga, na pingili za chini za mgongo hubeba kazi ambayo ingefanywa na viungo vya nyonga. Mama mmoja mchuuzi aliniambia, “Mwanangu, mgongo wangu umeshakuwa mti, haukunjiki tena.” Nilimwomba anionyeshe anavyofagia ua kwa ufagio mfupi, naye akainama kutoka nyonga, mgongo umenyooka kama ubao, bila kufundishwa na mtu. Alichokosa kilikuwa ruhusa ya kukunja magoti kidogo na kiti cha kuwekea mikono. Anza hivyohivyo: simama mbele ya kiti kisichoyumba, legeza magoti, sukuma makalio nyuma, mikono itue kwenye kiti, kisha pumua. Wala kutumia kiti si aibu ya wanaoanza, kwani B.K.S. Iyengar (1918–2014), mmoja wa walimu wa yoga waliojulikana zaidi duniani, alisifika kwa kufundisha kwa kutumia mikanda, vipande vya mbao na viti. Huku kwetu kitenge kilichokunjwa kirefu hufanya kazi ya mkanda: lala chali, kipitishe kwenye unyayo, uinue mguu mmoja huku ukishika ncha zake.

Neno kuhusu sakafu. Mkeka wa ukindu juu ya saruji laini huteleza, na nimewaona watu walioteguka kifundo cha mkono kwa sababu hiyo tu. Mikao ya kusimama ifanye peku juu ya saruji kavu; mkeka na blanketi uviweke kwa mikao ya kulala na kupiga magoti. Katika mikao ya kupiga magoti, mkao wa paka unafaa sana: mikono na magoti sakafuni, mgongo unainuliwa wakati wa kutoa hewa na kushushwa wakati wa kuiingiza.

Swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini ni kama yoga ni ibada. Chimbuko lake limo katika falsafa na dini za India, na hilo halifichwi. Lakini mikao na upumuaji ninaoueleza hapa hauna wimbo wala dua, na mimi huutumia kama mazoezi ya viungo. Dhamiri ya mtu ni yake, na asiyeridhika anaweza kunyoosha mwili kwa njia nyingine.

Mwenye shinikizo kubwa la damu lisilodhibitiwa au presha ya macho aepuke mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo. Mjamzito amwone mhudumu wa afya kwanza, na mimba ikishakua asikae chali muda mrefu. Msuli unaovutika huuma kwa upana na kulegea unapotulia. Maumivu ya kuchoma, ganzi au hisia ya kitu kinachotambaa mguuni ni ishara ya kuacha siku hiyohiyo. Baada ya mlo mzito, subiri saa mbili au tatu. Dakika kumi na tano, siku nne kwa wiki, humfaa anayeanza kuliko saa nzima ya Jumapili.

Zoezi la mwisho ni kulala chali kwa dakika tano bila kufanya chochote. Kwa Kisanskriti huitwa mkao wa maiti, jina ambalo wateja wangu hawalipendi hata kidogo, kwa hiyo tumekubaliana kuuita kulala tu. Wengi huuruka kwa haraka ya kurudi jikoni au sokoni. Usiuruke, na ukimaliza usiinuke kwa kunyanyua kichwa kwanza: geukia ubavu, tulia kwa pumzi mbili, kisha jisukume kwa mikono hadi ukae, kichwa kiwe cha mwisho kuja juu.