Mbio za kutembea si kukimbia polepole

Hapa Nakuru, wanamichezo wakipita karibu na uwanja wa Afraha huku viuno vikizunguka, utasikia mtu akisema: "Hao ni wakimbiaji walioshindwa kasi." Dhana hiyo ni ya miaka mingi, na nadhani jina letu limechangia. Tunasema "mbio za kutembea", na neno mbio linatupotosha. Wajerumani husema Gehen, yaani kutembea tu. Wafaransa husema marche athlétique, matembezi ya riadha. Hakuna mbio hapo.

Kanuni ni mbili. Kwanza, mguu mmoja lazima uonekane umegusa ardhi wakati wote. Mkimbiaji huelea hewani kila hatua. Pili, mguu wa mbele unyooke gotini tangu unapogusa ardhi hadi mwili upite juu yake. Viuno huzunguka kwa sababu hiyo, ili hatua irefuke bila goti kukunjwa. Waamuzi watatu tofauti wakikupa kadi nyekundu, unasimamishwa kwenye eneo la adhabu au unaondolewa kabisa.

Samuel Gathimba aliiletea Kenya shaba ya kilomita 20 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Alistahili kushangiliwa kama mkimbiaji yeyote wetu.