Nywele Hazikai kwa Kuvutwa

Kila wikendi ya harusi inapokaribia, simu yangu hujaa picha za aina moja. Mtu yuko mbele ya kioo chumbani kwake, nywele kazibana juu mpaka nyusi zimepanda, ngozi ya panja inang'aa kwa kuvutwa, na chini ya picha ameandika: "Dada, nimekaza mwisho wa nguvu zangu ila bado hazilali. Niongeze mpira mwingine?" Wa wiki hii ni mdogo wa bibi harusi. Nilipomwambia aufungue mpira huo mara moja, akanijibu kwa methali: ukitaka uzuri sharti udhurike.

Methali hiyo naisikia saluni tangu naanza kazi na nimechoka nayo. Anaisema mama aliyemshika mtoto kichwa asitikisike, anaisema msusi mwenzangu anayetaka kumaliza haraka, anaisema mwenye kichwa mwenyewe huku machozi yanamlenga. Kwa upande wa nywele si kweli. Mtindo unaouma haudumu kuliko usiouma. Mara nyingi ndio unaowahi kuharibika.

Nywele hubaki na umbo zililokauka nalo. Ukilishika hili, mengine yote yatakuja. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake kuna vifungo vya aina mbalimbali. Vilivyo vingi na dhaifu ni vya haidrojeni: maji yakiingia vinaachia, maji yakitoka vinashika upya, kwa namna yoyote nywele zilivyo wakati huo. Vifungo vya salfa ni imara, maji hayaviwezi. Dawa ya kulainisha ndiyo inayovikata, na ndiyo maana dawa haitoki kwa kuosha. Kwa sherehe ya siku moja huna haja ya kuigusa salfa. Maji na muda wa kukausha vinatosha.

Kwa hiyo ukisokota twisti kwenye nywele mbichi ukazifumua zikiwa bado na unyevu katikati, hujapata kitu. Nje zimekauka, ndani bado, na ndani huko zitamalizia kukauka kwa umbo lake lenyewe ukiwa njiani kwenda ukumbini. Gusa twisti ya kisogoni karibu na mzizi, hapo ndipo panapochelewa. Ukihisi ubaridi kwenye vidole, bado ni mbichi. Acha.

Sasa tuje kwenye kubana, maana ndiko kesi zote zinakotoka. Watu wanaona picha ya nywele zilizolala laini kabisa kuanzia paji la uso mpaka fundo la utosini, wanaamini aliyezilaza alivuta. Kilicholaza nywele zile ni vitu viwili: zilikuwa zimenyooshwa kabla, na jeli ilikaukia chini ya kitambaa. Jeli hutengeneza utando mwembamba unaoshikilia nywele pale zilipo. Ukiipaka ukaiacha wazi, nywele zinaanza kunyanyuka kabla utando haujakauka, nawe unaona suluhisho ni kuvuta zaidi. Ukifunga kitambaa cha satini juu yake, bapa, bila kukaza, ukakaa nacho dakika 20 au nusu saa ukiwa unavaa na kupaka vipodozi vyako, utakifungua ukute zimelala, wala hakuna ngozi iliyovutika.

Kosa kubwa zaidi ni kubana nywele za kipilipili zikiwa mbichi. Mbichi zinanyumbuka na kurefuka, unazikusanya kwa urahisi, unakaza mpira, unajiona umeweza. Halafu zinaanza kukauka. Nywele zetu zikikauka hujikunja na kufupika, na kwa kuwa upande mmoja zimeshikwa na mpira na upande wa pili na ngozi ya kichwa, pa kufupikia hakuna isipokuwa kwenye mizizi. Ndiyo maana kichwa hakikuumi nyumbani, kinaanza kukuuma ukumbini. Na mpira ule ule wa saa tisa, saa mbili usiku unavuta kuliko ulivyovuta ulipoufunga.

Nyoosha kwanza. Siku mbili kabla, osha, weka kondishina, chambua mafundo kwa vidole halafu kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kwenda kwenye mzizi. Kisha gawa mafungu na uyafunge kwa uzi, ule uzi mweusi wa bibi zetu. Unaanza karibu na mzizi kwa mzunguko uliolegea, unashuka ukizungusha mpaka nchani. Uzi hunyoosha bila moto wowote, na sijaona kifaa cha umeme kinachofanya kazi hiyo kwa upole kama huo. Asiyejua kuzungusha uzi asokote twisti nene, azibane bapa kichwani mpaka zikauke; hazitanyooka sawa na za uzi lakini zitatosha.

Wenye pasi nitawaambia mambo mawili tu. Pasi nyingi hufika nyuzijoto 230 za Selsiasi, na nywele za sherehe ya siku moja hazihitaji joto hilo. Na usipige pasi nywele zenye maji kamwe: maji yanachemka ndani ya unywele na kuacha viputo vinavyoudhoofisha, na hakuna mafuta yanayorudisha kilichopasuka. Mlio Dar, Tanga na Mombasa mnajua pia kwamba katika masika nywele zilizonyooshwa kwa pasi zinaweza kurudi kabla keki haijakatwa, kwa sababu unyevu wa hewani nao ni maji. Hali ya hewa ikiwa hivyo, epuka pia bidhaa zenye gliserini nyingi. Gliserini huvuta maji kutoka hewani, na nywele zitavimba.

Siku yenyewe, nywele zikiwa zimenyooka na kavu, usizikusanye zote kwa mkupuo mmoja. Tenga kwanza duara dogo utosini, lifunge peke yake, lile ndilo nguzo. Halafu leta nywele za kisogoni zije kwenye nguzo, uzishike kwa pini. Pembeni vivyo hivyo. Za mbele ziwe za mwisho, na hizo hazifungwi kwa mpira wowote: zipake jeli, zilaze kwa brashi laini kuelekea nyuma, ncha zake uzizungushe kwenye nguzo na kuzishika kwa pini mbili. Mzigo wote unabebwa na nywele za utosini, ambazo ni nyingi na imara. Nywele za mbele zinapita juu tu, hazibebi kitu. Badala ya mpira tumia kipande kilichokatwa kwenye soksi ya nailoni, au kamba ya kiatu: unaivuta mpaka unapotaka na unaifunga hapo hapo, wakati mpira unaendelea kuvuta wenyewe hata ukiusahau. Nywele zikiwa chache, ongeza rasta lililoviringwa au sponji ya mviringo juu ya nguzo. Hakuna atakayejua, na haipunguzi heshima ya mtu.

Shela na taji vinataka maarifa yake. Usichomeke kitana cha shela kwenye nywele zilizolala kwa jeli, kitateleza na utaanza kurundika pini mbele. Suka tuta moja dogo la kukingama utosini, chini ya nywele za juu, kitana kishike humo. Kwa bibi harusi wa Unguja au Lamu anayevaa asumini, natumia tuta hilo hilo. Maua mabichi yana uzito kuliko yanavyoonekana, na yakipachikwa panja yanavuta usiku kucha.

Kuhusu jeli yenyewe siwezi kukuchagulia. Ute wa bamia uliochemshwa na kuchujwa unafaa kwa vichwa vingi na ni wa bei ya mboga. Zipo nywele zinazoukataa, zikabaki zimeduwaa kana kwamba hazijapakwa kitu, na miaka yote hii sijaweza kumtazama mtu nikajua mapema nywele zake zitakubali lipi. Jaribu wiki moja kabla, siyo siku ya shughuli. Na kabla ya kuchanganya jeli na krimu uliyopaka ndani, zisugue pamoja nyuma ya kiganja. Zikikatika kama maziwa yaliyoharibika, zitakuachia unga mweupe kichwani mbele ya kamera.

Nirudi kwenye maumivu, kwa sababu hapa ndipo ninapokosa subira. Kuna ugonjwa wa kupoteza nywele kwa kuvutwa, na si habari mpya: mwaka 1907 ulishaandikwa kuhusu wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa nguvu kuelekea utosini. Nywele zao si kipilipili, kwa hiyo tuache kusema kwamba ni udhaifu wa nywele zetu. Nonceba Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ameuchunguza kwa miaka mingi Afrika Kusini, na moja ya aliyoyaonyesha kila msusi analiona kwa macho: hatari ni kubwa zaidi pale nywele za dawa zinapoongezewa mvuto wa kusukwa au kubandikwa. Ukiwa na dawa, unyenyekevu kwa nywele za mbele unakuhusu mara mbili.

Ukiniuliza kukaza kiasi gani ndiko kukaza mno, sina kipimo cha kukupa, na msusi anayekuambia anacho anakudanganya. Kichwa kimoja kinavumilia kitu ambacho kingine kinatoa vipele usiku huo huo. Ninachoangalia ni ishara. Pandisha nyusi: paji la uso likigoma kukunjamana, legeza. Vikitokea vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, fumua leo, hata kama sherehe ni kesho, hata kama umelipa. Ukishindwa kulalia upande, fumua. Maumivu yale ni ngozi inayokuambia mizizi inaachia. Dawa ya maumivu unayoimeza ili uvumilie msuko inaondoa taarifa tu, mvuto unabaki pale pale.

Wengi huniuliza kama nywele zilizokwishatoka zitarudi. Wakiwahi, na mvuto ukikoma kabisa, mara nyingi zinarudi, kwa mwendo wake wa takriban sentimita moja kwa mwezi. Wakichelewa, mzizi hugeuka kovu na hapo hakuna kinachoota. Mimi kwa kutazama siwezi kukuhakikishia uko upande gani, kwa hiyo sitoi ahadi wala siuzi mafuta ya mnyonyo kwa ahadi. Ngozi ikishakuwa laini inayong'aa, bila vitundu, nenda kwa daktari wa ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na hospitali kubwa nyingine nazo zina kliniki. Usinunue kwanza chupa sita.

Linaloniumiza kuliko yote ni watoto wa maua. Mtoto wa miaka minne anaandaliwa kumtangulia bibi harusi, amebanwa vifundo viwili mpaka macho yamekuwa membamba, akilia anaambiwa anadeka. Nywele zake ni laini, mizizi yake ni michanga, na hawezi kueleza zaidi ya kulia. Twisti nne nene zilizolegea na utepe mweupe zinamtosha, na atacheza muziki mpaka mwisho. Mama, shangazi, bibi: akisema inauma, inauma.

Siwalaumu mabinti wanaojibana bila kujua. Shule zetu nyingi zinawataka wanyoe, miaka yote ya msingi na sekondari, kisha wanamaliza kidato cha nne au cha sita wakiwa hawajawahi kuchana nywele ndefu za kwao wenyewe. Anayefika miaka 19 ndipo anaanza kujifunza kile ambacho bibi yake alikijua akiwa na miaka 10, na mwalimu wake ni video ya mtu mwenye nywele tofauti na zake. Lazima avute.

Na anayesoma hapa na sherehe ni kesho asubuhi, hana siku mbili nilizozisema, afanye hivi. Usioshe usiku huu, nywele zako hazitakauka. Nyunyizia maji kidogo tu, zihisi unyevu zisilowe, gawa mafungu manane, sokota, funga ncha zake kwa uzi. Kama una draya, tumia joto la kati, malizia kwa hewa ya baridi, kisha vaa kofia ya satini ulale. Asubuhi paka mafuta kidogo viganjani kabla ya kufumua, fumua taratibu, jenga nguzo yako utosini, funga kitambaa mbele nusu saa. Ukirudi usiku, hata ukiwa umechoka vipi, toa pini zote na ulegeze nguzo kabla ya kupanda kitandani.