Taa za RGB kwenye kompyuta ya gemu: yanayosemwa na yanayotokea kwenye waya

Anayejenga kompyuta yake ya kwanza ya gemu hapa Mwanza mara nyingi huagiza feni na mikanda ya taa Kariakoo, mzigo unapanda basi, anaupokea Nyegezi au Nyamhongolo. Kabla haujafika ameshapewa ushauri wa kutosha kuhusu prosesa na kadi ya grafiki. Kuhusu taa huambiwa neno moja: chomeka tu. Hapo ndipo feni mpya zinapoungua dakika ya kwanza, na kuagiza nyingine ni kuanza upya safari ya basi.

Taa hizi za RGB, yaani za nyekundu, kijani na bluu, zinahitaji vitu viwili: umeme wa kuziwasha na ishara ya kuziambia rangi. Karibu kila dhana potofu hapa chini inatokana na kuvichanganya.

Dhana: Plagi ikiingia, basi hapo ndipo mahali pake

Madabodi nyingi, yaani bodi kuu za kompyuta, zina heda za taa za aina mbili, yaani safu za pini zilizosimama pembezoni mwa bodi, na kwa macho zinakaribia kufanana. Ya kwanza ina pini nne: volti 12, kijani, nyekundu na bluu. Hiyo ni RGB ya kawaida. Kila rangi ina waya wake unaopita kwenye LED zote, yaani vile vitaa vidogo vya mkanda, kwa hiyo mkanda mzima huwaka rangi moja kwa wakati mmoja. Ya pili ina pini tatu na nafasi moja tupu: volti 5, data, nafasi tupu, kisha graundi. Hiyo ndiyo ARGB, ambayo kila LED ina chipu yake na inaweza kuwa na rangi yake peke yake. Feni nyingi za taa zinazouzwa sasa ni za aina hii ya pili.

Kwa kawaida plagi ya ARGB huzibwa tundu moja ili isiweze kukaa kwenye pini nne. Lakini zipo feni za bei rahisi ambazo tundu hilo liko wazi, na mtu akisukuma kwa nguvu, plagi inakaa. LED ya volti 5 ikipewa volti 12 huungua papo hapo na haitengenezeki. Kinyume chake kina nafuu: mkanda wa volti 12 ukiwekwa kwenye heda ya volti 5, kwa kawaida hauwaki tu.

Dawa ni kusoma maandishi ya bodi kabla ya kushika plagi. Kwenye bodi za kampuni ya MSI, JRAINBOW ni volti 5 na JRGB ni volti 12. Gigabyte huandika D_LED au ARGB_V2 kwa volti 5, na LED_C kwa volti 12. ASRock wana ADDR_LED kwa volti 5 na RGB_LED kwa volti 12. Kwa ASUS, heda za volti 5 huanza na herufi ADD. Kimshale kilichochorwa kwenye plagi kinaonyesha waya wa volti, nacho kinapaswa kuangaliana na pini iliyoandikwa 5V au 12V. Ukinunua madabodi iliyokwishatumika, kuwa macho zaidi: baadhi ya bodi za zamani za Gigabyte zina jampa, yaani kifuniko kidogo cha kuunganisha pini, ya kuchagua volti 5 au 12 kwenye heda ileile, na huwezi kujua aliyekutangulia aliiacha wapi.

Kama maandishi yamefutika, pima. Weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye volti za DC, washa kompyuta bila taa yoyote kuchomekwa, ncha nyeusi iguse chuma kisicho na rangi cha kasha, ncha nyekundu iguse pini ya volti peke yake. Usigusishe pini mbili kwa ncha moja. Ukimaliza, zima swichi ya nyuma ya pawasaplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme), chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe, ndipo uchomeke taa. Hili la mwisho watu wengi wanaliruka, kumbe pawasaplai iliyochomekwa ukutani huendelea kutoa volti 5 za kusubiri hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Dhana: Heda moja inabeba feni zote, ilimradi upate waya wa kugawa

Waya wa kugawa unagawa umeme uleule, hauongezi. Heda nyingi za ARGB zina kikomo cha ampea 3, ambazo kwa volti 5 ni wati 15. LED ya ARGB ya kawaida inaweza kula hadi miliampea 60 ikiwaka nyeupe kamili, maana nyeupe ni nyekundu, kijani na bluu kwa pamoja, kila moja miliampea 20. Gawanya ampea 3 kwa 0.06 upate LED 50. Zipo LED za sasa zinazokula pungufu ya hapo, lakini hesabu salama ni hiyo.

Sasa chukua feni sita zenye LED 12 kila moja. Jumla ni LED 72, na zikiwa nyeupe kamili zinataka ampea 4.3. Heda ya ampea 3 haiwezi. Kinachowachanganya watu ni kwamba taa hizohizo zitawaka vizuri kwa wiki nzima zikiwa nyekundu, kwa sababu nyekundu peke yake inakula theluthi tu. Siku mwenye nayo anapochagua nyeupe, zinapepesa, zinageuka za njano kuelekea mwisho wa mnyororo, au zinazima zote. Ule unjano una sababu yake: volti imeshuka njiani, na LED za bluu na kijani zinahitaji volti kubwa kuliko nyekundu, hivyo ndizo zinazofifia kwanza. Ukiona hivyo, shughulikia umeme kabla ya kulaumu feni.

Suluhisho ni habu ya ARGB, yaani kisanduku cha kugawa taa, inayopata umeme kwenye waya wa SATA wa pawasaplai, ule wa plagi bapa unaolisha diski. Hapo heda ya madabodi inatoa ishara tu, na mzigo wa umeme unabebwa na pawasaplai. Plagi ya SATA imeruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 5, kwa hiyo zile feni sita zinaingia, ila bila nafasi kubwa ya ziada. Ipe habu tawi lake la waya, usiliunganishe na diski. Kama pawasaplai haina plagi za SATA za kutosha, epuka adapta za kutoka Molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA ambazo plagi yake ni plastiki iliyomiminwa juu ya nyaya. Nyaya za ndani zinaweza kusogea na kugusana, na adapta za aina hiyo zinajulikana kwa kuyeyuka na kuwaka moto. Ukilazimika, tafuta ile ambayo kila waya unaonekana ukiingia kwenye tundu lake.

Dhana: Feni ya taa ina waya mmoja

Feni nyingi za ARGB zina nyaya mbili. Wa mota unakwenda kwenye heda iliyoandikwa CPU_FAN au SYS_FAN, wa taa unakwenda kwenye ARGB. Ukichomeka mmoja tu, utapata feni inayozunguka gizani, au feni yenye taa nzuri isiyozunguka, na hii ya pili ni hatari kwa sababu kasha linapendeza huku joto linapanda. Feni ya prosesa iende CPU_FAN moja kwa moja. Ukiipitisha kwenye habu, habu nyingi hurudisha kasi ya feni moja tu, ile ya tundu la kwanza, na bodi ikikosa taarifa ya CPU_FAN inaweza kukataa kuwaka na kuandika kwamba feni ya prosesa ina hitilafu.

Zile seti za bei nafuu zenye rimoti ni jambo jingine. Feni zake huwa na plagi moja ya pini sita inayobeba mota na taa pamoja, na hakuna kanuni ya pamoja ya mpangilio wa pini hizo. Feni ya seti moja inaweza kuingia kabisa kwenye habu ya seti nyingine na ikaungua. Ukinunua seti ya feni tatu na unajua utahitaji tano, nunua tano siku hiyohiyo.

Dhana: Habu haifuati madabodi, basi ni mbovu

Mara nyingi iko kwenye hali ya rimoti. Habu nyingi zina kitufe, au rimoti yenyewe ina kitufe, na ukikibonyeza kwa sekunde chache inahamia kusikiliza madabodi. Jaribu hilo kabla ya kurudisha dukani. Kumbuka pia kwamba habu ya kawaida inanakili ishara moja kwenye matundu yote, kwa hiyo feni zote zitacheza mtindo mmoja. Anayetaka kila feni na rangi yake anahitaji kontrola, kifaa kinachoamuru kila tundu peke yake, nayo inataka pia waya wa USB wa ndani, heda ya pini tisa. Bodi nyingi zina moja au mbili tu, na kipozeo cha maji chenye skrini kinaweza kuchukua mojawapo. Hesabu heda hizo kabla ya kuagiza.

Dhana: LED zikizima kuanzia katikati, mkanda mzima umekufa

Data ya ARGB inapokezwa kutoka LED moja hadi nyingine kama ndoo za maji kwenye mstari wa watu. LED moja ikifa, au solda yake ikiachia, zinazofuata hazipati kitu ingawa ni nzima. Angalia LED ya kwanza iliyozima na ile iliyo kabla yake; kosa liko kwenye moja ya hizo mbili. Kwa feni zilizounganishwa kwa mnyororo, ruka feni unayoishuku, unganisha ya kabla na ya baada. Zikiwaka, umeshaipata.

Dhana: Taa nyingi zinahitaji pawasaplai kubwa

Feni sita za mfano wetu zikiwa nyeupe kamili ni kama wati 22. Kadi ya grafiki ya kati peke yake inaweza kula 150 hadi 200. Chagua pawasaplai kwa kadi na prosesa. Kwenye UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ndipo wati hizo zinapohesabika kidogo, maana ile ya VA 650 mara nyingi haizidi wati 400, na umeme ukikatika unachotaka ni muda wa kuhifadhi na kuzima. Na kama pawasaplai yako ina swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka ukutani. Ikiwa kwenye 115, umeme wetu utailipua.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, taa zinaweza kurudi kwenye upinde wa mvua wa kiwandani. Hazijaharibika. Rangi ulizochagua zilikuwa kwenye programu, hazikuhifadhiwa kwenye kontrola, na zitarudi programu ikishafunguka. Tumia programu moja tu. Mbili zikigombania taa zilezile, kama Armoury Crate ya ASUS na OpenRGB kwa pamoja, taa zinaganda au zinapepesa.

Dhana: Taa hazina uhusiano na vumbi

Ukiwa Kirumba, Capri Point au popote karibu na maji, uhusiano upo. Wavuvi wa dagaa hutega kwa taa usiku wa giza kwa sababu mwanga huvuta viumbe, na wale wadudu wadogo wanaoinuka kama moshi juu ya ziwa wanavutwa vilevile. Hutoka kwa wingi siku za mwezi mwandamo. Feni za mbele ndizo zinazovuta hewa ndani, na zikiwa na taa, wadudu wanakuja hasa pale penye mvuto. Kichungi kinajaa, hewa inapungua, joto linapanda, na wanaopenya wananasa kwenye mapezi ya kipozeo.

Weka kichungi cha wavu mwembamba mbele, kile cha sumaku kinachobanduka. Siku hizo za giza zima taa za feni za mbele usiku na uache za nyuma na za ndani. Kichungi kisafishe kwa brashi kavu kwanza. Ukianza na maji, wadudu wanageuka uji unaoziba matundu. Kama taa zinabaki zikiwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya madabodi), tafuta ErP, inayopunguza umeme wa kusubiri, uiwezeshe, au chagua taa zizime kompyuta inapolala. Chumba kikiwa giza, kompyuta iliyozimwa lakini inayong'aa dirishani itawaita wadudu usiku kucha, na ukiwasha feni asubuhi watavutwa moja kwa moja kwenye kichungi.