Maana ya kuridhika katika Ukristo, na kwa nini kujilinganisha ni adui yake

Kuridhika, katika maana ya Kikristo, ni utulivu wa moyo wa mtu anayeamini kwamba Mungu anamtosha katika hali aliyo nayo leo, awe ameshiba au amepungukiwa. Asemaye "nitaridhika nikishapata" bado hajaanza. Naye asemaye "vitu vyangu vinanitosha" ameridhika na vitu, na vitu huibwa, huungua, hupitwa na wakati.

Paulo anapoandika katika Wafilipi 4:11 kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, neno la Kigiriki alilotumia ni autarkes. Wastoiko, kundi la wanafalsafa wa zama hizo, walilipenda sana neno hilo. Kwao lilimhusu mtu anayejitosheleza, asiyemtegemea yeyote. Paulo amelichukua akaligeuza, kwa kuwa mstari wa 13 unasema nguvu zake zinatoka kwa mwingine: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." (Mstari huo siku hizi hutumiwa kama ahadi ya kufaulu mitihani na biashara. Usome pamoja na wa 12 uone kwamba "mambo yote" hapo ni njaa, shibe, wingi na upungufu.) Mzizi wa neno hilohilo umo katika 2 Wakorintho 12:9, "Neema yangu yakutosha", na kwa hiyo huenda "kutosheka" likaubeba uzito wake vizuri kuliko "kuridhika".

La kuangalia zaidi ni kwamba alijifunza. Aliandika akiwa kifungoni, baada ya miaka mingi ya utumishi. Kuridhika si kipaji cha watu wapole, na anayeshindwa leo hajafukuzwa darasani.

Kuridhika si kubweteka, wala si kukata tamaa na kuiita hali hiyo imani. Paulo huyohuyo anamwambia mtumwa kwamba akiweza kuwa huru, autumie uhuru huo (1 Wakorintho 7:21). Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi asiyelipwa "ridhika, ndugu" amelipindua fundisho. Yohana Mbatizaji alipowaambia watu watoshewe na mishahara yao (Luka 3:14), alikuwa akisema na askari, watu wenye uwezo wa kuwadhulumu wengine.

Sasa kujilinganisha. Namna kunavyofanya kazi inaonekana wazi katika mfano wa Yesu wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16. Vibarua wa alfajiri walikubaliana dinari moja kwa siku, na mchana kutwa dinari hiyo iliwatosha. Wengine waliajiriwa saa 3, saa 6, saa 9, na wa mwisho saa 11, jioni kabisa. Kiswahili kinahesabu saa kama zilivyohesabiwa pale, kwa hiyo hatuhitaji kutafsiriwa. Mwenye shamba akaagiza malipo yaanze na wa mwisho, na kila mmoja akapewa dinari moja. Angeanza na wa kwanza, wangeondoka na dinari zao wakiwa na furaha. Hakuna kilichopungua mikononi mwao. Kilichobadilika ni kipimo. Kabla ya hapo waliipima dinari kwa ahadi ya mwenye shamba. Walipowaona wenzao wa saa 11, wakaanza kuipima kwa mkono wa jirani. Wivu hufanya hivyo: humfanya mtu aone wema aliotendewa mwingine kuwa ni dhuluma dhidi yake.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni "watazame walio chini yako". Hiyo ni dawa mbovu. Mtu bado anajilinganisha, ila amebadili upande wa kutazama. Farisayo wa Luka 18:11 alishukuru hivyo hasa: "nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Ikiwa shukrani yako inahitaji mtu mwingine awe na hali mbaya ndipo isimame, basi si shukrani. Ndivyo ilivyo pia kujifariji kwamba "nao wana shida zao za siri". Ni kweli, usione vyaelea, vimeundwa. Picha ya jahazi majini haionyeshi misumeno. Lakini pengine jirani yako ana furaha ya kweli kabisa, na faraja inayosubiri ahuzunike ni husuda iliyovaa kanzu.

Kwa vitendo, wivu unapochoma, anza kwa kukitaja kitu chenyewe kwa usahihi. Si "maisha yake", bali cheo, ndoa, mtoto, sifa aliyopewa mbele za watu. Kisha jiulize ni cha aina gani. Kama ni hitaji, liombe na kulifanyia kazi, bila aibu. Kama ni jambo jema ambalo unaweza kuishi bila kulipata, liombe, ukimwachia Mungu jibu na wakati wake. Kama ulichotaka ni kuonekana tu, hicho huungamwa. Wengi hukwama hapa kwa sababu huungama yote matatu pamoja, wakajiona wakosefu kwa kuwa na njaa.

Halafu mwombee mtu yule kwa jina, na uombe kitu kilekile kizidi kwake. Ombi la kwanza litakuwa kavu mdomoni. Huo si unafiki. Utii mara nyingi hutangulia hisia. Ukimaliza, shukuru kwa mambo matatu ya leo, yaliyo mahususi, yasiyomtaja mtu mwingine yeyote.

Simu nayo ina sehemu yake. Chunguza ni kurasa zipi hukuacha na uchungu kila ukizifungua, uzinyamazishe kwa siku 30. Mwenye ukurasa si lazima awe amekosa. Jicho lako ndilo linalopumzishwa. Ila kufunga simu peke yake hakutoshi, maana mfalme Sauli aliharibikiwa kwa wimbo tu wa wanawake, kwamba yeye ameua elfu zake, na Daudi makumi elfu yake (1 Samweli 18:7-9).

Kujipima kwenyewe hakukatazwi. Wagalatia 6:4 inamtaka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Swali halali ni kama umekuwa mwaminifu na ulichopewa, na jibu lake halipatikani kwa kumchungulia mwenzako.

Ugumu wa kweli uko kwa mwenye upungufu wa muda mrefu, anayekutana kila siku na aliyepewa kile anachokililia. Huyo asiharakishwe. Mwanamke aitwaye Hana, katika 1 Samweli 1, hakuwa na mtoto, naye Penina, mke mwenzake mwenye watoto, alimchokoza mwaka baada ya mwaka. Alilia, akashindwa kula, akaumimina moyo wake mbele za Bwana kwa uchungu kiasi cha kudhaniwa amelewa. Wala maandiko hayamhesabii hayo kuwa kutoridhika. Katika mstari wa 18 anaondoka, anakula chakula, na uso wake haukunjamani tena. Wakati huo mimba ilikuwa haijatungwa, na Penina bado alikuwa mke mwenzake.